Nyasi Zisizoota: Sayansi ya Kutunza na Kurekebisha Uwanja wa Nyasi Bandia Penye Hewa ya Unyevu

Watu wengi huamini kwamba kitu kisichoota hakihitaji mtunzaji. Imani hiyo ndiyo inayozifanya nyasi bandia zipendwe: hazinyweshwi, hazikatwi, hazitiwi mbolea, wala hazigeuki vumbi wakati wa kiangazi. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo, kitu kisichoota kina upungufu mmoja ambao kitu kiotacho hakina: hakiwezi kujiponya. Ukoka ukichimbwa na njumu za wachezaji, hutambaa tena na kuziba jeraha baada ya mvua chache. Zulia la plastiki likichanika hubaki limechanika, na kila mguu unaopita huzidisha tundu. Kwa sababu hiyo mwenye uwanja wa nyasi bandia hana budi kufanya mwenyewe kazi ambayo maumbile yangemfanyia bure.

Miaka kadhaa iliyopita shule moja ya sekondari katika ukanda wetu wa pwani iliniomba ushauri. Kiwanja chake kidogo cha nyasi bandia, kilichotandikwa kwa michango ya wazazi, kilikuwa kimefumuka mshono karibu na goli. Msichana mmoja wa kidato cha tatu alikwisha kujikwaa hapo akateguka kifundo cha mguu. Mwalimu Mkuu alikuwa na mambo mawili tu ya kuchagua: ama kurekebisha, ama kukifunga kiwanja. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka ng'ambo, ambako nilisomea kemia ya polima, na nilijiona kuwa ndiye hasa mtu anayefaa. Niliagiza gundi ya poliuretani, nikapanga kazi ianze saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa kuwa nilijua kwamba joto kali huifanya gundi hiyo igande upesi mno. Mzee mmoja, mtunza viwanja wa shule, aliniambia kwa upole: "Mwalimu, hapa kwetu alfajiri hata chumvi ya jikoni huwa imelowa. Tungengoja jua lipande kidogo." Nilimshukuru, lakini sikumsikiliza. Baada ya wiki tatu mshono ulifumuka tena. Gundi tuliyoibandua ilikuwa imejaa vitundu kama mkate wa kumimina.

Makala haya yanaeleza kwa nini mzee yule alisema kweli nami nikakosea, na namna uwanja wa nyasi bandia unavyoweza kutunzwa mahali ambapo hewa hujaa mvuke karibu mwaka mzima.

Asili ya nyasi bandia

Nyasi bandia zilianza kutumika nchini Marekani. Mwaka 1964 zulia la kwanza kubwa la aina hiyo lilitandikwa katika shule ya Moses Brown, mjini Providence. Hati ya ubunifu wake ilitolewa mwaka 1967 kwa majina ya Robert Wright na James Faria, waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya Monsanto. Lakini lililozipatia sifa ni tukio la mji wa Houston, ambao nao, kama miji yetu ya pwani, una joto na unyevu mwingi. Huko ulijengwa uwanja mkubwa uliofunikwa paa, uitwao Astrodome, ukafunguliwa mwaka 1965. Paa lilikuwa la vioo vya plastiki ili nyasi za kweli zipate mwanga. Wachezaji wakalalamika kwamba mng'ao wa paa uliwazuia kuuona mpira angani, basi vioo vikapakwa rangi. Nyasi zilipokosa mwanga zilikufa. Mwaka 1966 uwanja ulitandikwa nyasi za nailoni, nazo zikapewa jina la AstroTurf.

Zulia lile la kwanza lilikuwa na nyuzi fupi na ngumu, na mchezaji aliyeanguka alichubuka ngozi. Katika miaka ya 1990 lilitokea zulia la aina mpya, lenye nyuzi ndefu na laini zaidi zilizojazwa mchanga na chembechembe za mpira katikati yake. Shirikisho la Mpira wa Miguu Duniani, FIFA, lilianza mwaka 2001 kuweka viwango vya ubora wa viwanja vya namna hii. Hapa Tanzania, viwanja kama vile Karume jijini Dar es Salaam, Nyamagana mjini Mwanza, Kaitaba mjini Bukoba na Amaan kisiwani Unguja vimepata kutandikwa nyasi bandia. Msomaji ataona kwamba viwanja hivyo vyote viko kando ya bahari au kando ya Ziwa Viktoria. Kwa hiyo suala la unyevu si dogo kwetu.

Zulia limejengwaje?

Anayetaka kutengeneza kitu sharti kwanza ajue kimeundwaje. Uwanja wa nyasi bandia wa siku hizi una tabaka nne. Chini kabisa kuna kokoto zilizoshindiliwa, zinazobeba uzito na kupitisha maji. Juu ya kokoto hutandikwa kitambaa kigumu, aghalabu cha polipropilini, ambamo nyuzi za nyasi zimeshonewa. Upande wake wa chini hupakwa ulimbo wa mpira au poliuretani ili nyuzi zisichomoke, nao hutobolewa matundu madogo ya kupitishia maji. Tabaka la tatu ni nyuzi zenyewe, ambazo kwa kawaida ni za poliethilini, yaani plastiki ya jamaa moja na ile ya mifuko na ndoo. Tabaka la nne ni kijazo: mchanga safi ulio chini, unaolikalisha zulia kwa uzito wake, na chembe za mpira zilizo juu, zinazolainisha mwendo na kuzisimamisha nyuzi.

Zulia hilo huletwa likiwa limeviringishwa kama mkeka, kwa vipande vyenye upana wa mita nne hivi. Vipande huunganishwa kwa utepe mpana unaolazwa chini ya kingo mbili na kupakwa gundi. Hapo ndipo penye udhaifu. Nyuzi zenyewe huweza kudumu miaka mingi, lakini mshono hudumu kwa kadiri ya uangalifu wa aliyeutia gundi.

Mshono huo haupumziki. Plastiki hutanuka ikipata joto na kusinyaa ikipoa, kwa kiasi cha sehemu moja katika 10,000 au zaidi kwa kila nyuzi moja ya sentigredi. Tuchukue ukanda wa zulia wenye urefu wa mita 50. Alfajiri una joto la nyuzi 24, na adhuhuri, kwa kuwa umeelekea jua, umefika nyuzi 64. Tofauti ni nyuzi 40. Lau ukanda huo ungekuwa huru, ungerefuka kwa 50 × 40 ÷ 10,000, yaani mita 0.2, au sentimita 20. Hauko huru, kwa sababu umezuiwa na uzito wa mchanga, gundi na kingo za uwanja. Lakini kani iliyozuiwa haipotei, bali huvuta na kusukuma mishono kila siku. Mahali ambapo mchanga umepungua, zulia hufanya makunyanzi, na mshono ulio karibu hubeba mzigo usio wake.

Hewa ya pwani ina maji kiasi gani?

Turudi kwenye chumvi ya mzee. Chumvi hulowa kwa sababu hunyonya mvuke kutoka hewani pindi unyevu unapopita kiasi fulani. Chumvi jikoni ni kipimo cha unyevu ambacho kila nyumba inacho bila kukinunua.

Kiasi cha mvuke kinachoweza kukaa hewani huongezeka sana joto linapoongezeka. Katika mji wa Ulaya, siku ya machipuko yenye joto la nyuzi 15 na unyevu wa asilimia 60, mita moja ya ujazo wa hewa hubeba gramu 8 hivi za mvuke. Alfajiri ya pwani yetu yenye joto la nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 95, ujazo huohuo hubeba gramu 23 hivi, takriban mara tatu. Mimi nilijifunza kupaka gundi katika hewa ile ya kwanza, nikaja kuipaka katika hii ya pili kana kwamba ni mamoja.

Lakini mvuke ulio hewani si hatari kubwa kama mvuke uliogeuka maji. Hewa ikipozwa, hufika kiwango cha joto ambapo haiwezi tena kuushikilia mvuke wake wote, na umande huanza kutokea. Kiwango hicho huitwa joto la umande. Ndiyo sababu gilasi ya maji baridi hutokwa na jasho kwa nje. Mafundi wa rangi na gundi wana kanuni moja: usipake kitu juu ya uso wowote ambao joto lake halijapita joto la umande kwa nyuzi 3 au zaidi. Tuijaribu kanuni hiyo kwa hali mbili za pwani.

Alfajiri, hewa ikiwa na nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 95, joto la umande ni nyuzi 25 hivi. Tofauti ni nyuzi moja tu. Tena zulia lililo wazi hupoteza joto lake usiku kucha kwa kunururisha kuelekea mbinguni, hata likawa baridi kuliko hewa yenyewe. Kwa hiyo umande umekwisha kulala juu yake hata kama jicho halioni. Katikati ya mchana, hewa ikiwa na nyuzi 31 na unyevu wa asilimia 65, joto la umande ni karibu nyuzi 24. Tofauti imekuwa nyuzi 7, na fundi anaweza kufanya kazi kwa salama. Mzee hakujua hesabu hizi, lakini alijua jibu lake.

Gundi inapokutana na maji

Gundi ya poliuretani yenye sehemu mbili hugandishwa na mmenyuko wa kemia. Sehemu moja ina vikundi vya atomi viitwavyo isosianeti, na ya pili ina vikundi vya haidroksili. Vikichanganywa, hushikana na kuunda minyororo mirefu, na uji hugeuka kitu kigumu kinachonyumbuka. Bahati mbaya ni kwamba isosianeti haichagui mwenza. Ikikutana na maji humenyuka nayo pia, na kila molekuli moja ya maji hutoa molekuli moja ya gesi ya kaboni dayoksaidi.

Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wanaweza kuifanya hesabu hii wenyewe. Gramu 18 za maji ni moli moja. Moli moja ya gesi, kwa joto la nyuzi 30 na kanieneo ya kawaida ya hewa, huchukua nafasi ya lita 25 hivi. Basi gramu moja ya maji, ambayo ni kama matone ishirini, ikimenyuka yote hutoa 25 ÷ 18, yaani karibu lita moja na nusu ya gesi. Matone ishirini ya umande kwenye utepe wa mshono ni kitu kidogo sana. Lakini gesi hiyo yote hutokea ndani ya gundi inayoanza kuganda, na isipopata njia ya kutoka huacha mapovu. Gundi huumuka kama unga uliotiwa hamira. Eneo linaloshika hupungua, na mvutano wa kila siku tulioueleza huimalizia kazi.

Zipo gundi za sehemu moja ambazo zimetengenezwa makusudi zigandishwe na mvuke wa hewani. Hizo huhitaji unyevu kidogo, lakini nazo hupakwa kwa tabaka jembamba na si juu ya uso uliolowa. Hivyo fundi asome maelekezo ya gundi aliyo nayo, wala asidhani kwamba gundi zote ni za ukoo mmoja.

Namna ya kurekebisha mshono

Je, hofu yangu ya joto haikuwa na msingi? Ilikuwa nao. Kwa makadirio, mmenyuko mwingi wa kemia huongezeka kasi mara mbili kwa kila nyongeza ya nyuzi 10 za joto. Gundi inayompa fundi dakika 40 za kuitumia katika nyuzi 20, humpa kama dakika 20 katika nyuzi 30, na 10 tu katika nyuzi 40. Kwa hiyo fundi wa pwani yuko kati ya maadui wawili: unyevu wa alfajiri na moto wa adhuhuri. Njia yake ni kuugawa muda, kutumia kivuli na kuchanganya gundi kidogo kidogo. Utaratibu tulioufuata mara ya pili ulikuwa huu:

1. Siku ya kwanza, wakati wa jua, tuliondoa mchanga na chembe za mpira kwa ufagio umbali wa sentimita 30 kila upande wa mshono, tukavihifadhi katika magunia makavu.

2. Tulizikunja kingo mbili za zulia, tukakwangua gundi yote ya zamani, na kuacha kokoto na mgongo wa zulia vikauke mpaka jioni. Kisha tulifunika kwa turubai lililoinuliwa kidogo juu ya vigingi, ili umande usianguke juu yake na hewa ipite.

3. Siku ya pili tulingoja hadi saa nne asubuhi. Tulipima joto la hewa, unyevu na joto la uso wa utepe, tukahakikisha kwamba kanuni ya nyuzi 3 imetimia. Turubai liligeuzwa mwavuli wa kutia kivuli mahali pa kazi.

4. Kabla ya kupaka gundi tulizilaza kingo pamoja bila gundi ili kuona kama zinakutana. Nafasi kati yake isizidi milimita chache, wala kingo zisipandane.

5. Tulichanganya gundi ya kutosha mita mbili tu kwa mara moja, tukaitandaza kwa mwiko wenye meno, tukaishusha kingo moja kisha ya pili, tukihakikisha kwamba hakuna nyuzi zilizonaswa ndani ya gundi. Mafundi walivaa glavu na miwani, maana isosianeti hudhuru ngozi, macho na mapafu.

6. Tuliweka mifuko ya mchanga juu ya mshono wote, na kuiacha kwa muda wa saa 24. Mchanga wa kijazo ulirudishwa kwanza, kisha chembe za mpira, na mwisho nyuzi zikasimamishwa kwa ufagio.

Palipokuwa na tundu ambalo halikuweza kushonwa tulitia kiraka. Kiraka kikatwe pembe nne, na ulalo wa nyuzi zake ufuate ulalo wa zulia, kwani kikigeuzwa kitaonekana daima kama doa. Tena ni vizuri kiraka kisitoke kwenye zulia jipya. Kikatwe nje ya mstari wa uwanja, mahali pasipochezewa, na kile kipande kipya ndicho kizibe pengo la pembeni. Hivyo goli hupata kiraka chenye umri na rangi ileile.

Maji ya mvua yaende wapi?

Uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68 una eneo la mita 7,140 za mraba. Mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu katika siku moja ya masika, humwaga juu yake mita 357 za ujazo wa maji, yaani lita 357,000. Yote hayo sharti yashuke kupitia kijazo, matundu ya zulia na kokoto, kisha yaelekee mferejini. Ikiwa njia mojawapo imeziba, zulia huelea na kijazo huchukuliwa.

Kinachoziba njia hizo ni vumbi. Wepesi wa maji kupita katikati ya chembe hulingana, kwa makadirio, na mraba wa kipimo cha chembe hizo. Chembe zikiwa ndogo mara kumi, maji hupita polepole mara mia. Ndiyo maana kiasi kidogo cha udongo unaoletwa na viatu kinaweza kuharibu kazi ya tani nyingi za mchanga safi. Hatua ya kwanza ya matunzo, basi, ni mlango: pawe na mahali pa kukung'utia viatu, na njia ya kuingilia uwanjani isiwe ya udongo mtupu. Mifereji nayo izibuliwe kabla ya masika na kabla ya vuli, si baada ya mafuriko.

Wanafunzi wanaweza kupima afya ya uwanja wao kwa kopo kubwa lililotolewa vifuniko vyote viwili. Lisimamishwe juu ya zulia na kuzungushiwa udongo wa mfinyanzi nje yake ili maji yasivuje. Litiwe maji hadi kimo cha sentimita 5, kisha wahesabu dakika hadi kimo kishuke kwa sentimita 3. Kwa kuwa sehemu ya maji hutoroka kwa pembeni chini ya zulia, matokeo hayatakuwa kipimo halisi. Lakini yakilinganishwa kati ya goli, katikati na pembeni, na yakirudiwa kila muhula, yataonyesha wazi ni wapi panapoziba.

Mwani, kuvu na ukoga

Msomaji huenda akajiuliza: plastiki hailiki, mbona uwanja huota ukoga wa kijani? Jibu ni kwamba viumbe hao hawali plastiki. Mwani huhitaji maji, mwanga na madini kidogo tu, nao hujitengenezea chakula kwa usanisinuru. Kuvu huishi kwa majani yaliyooza, chavua, vinyesi vya ndege na soda iliyomwagika. Plastiki huwapa makao tu. Unyevu ukikaa siku nyingi, hasa upande wenye kivuli cha ukuta au mwembe, utando wao huufanya uwanja uteleze, hushikamanisha chembe za kijazo na kuziba njia za maji.

Kwa hiyo dawa ya kwanza si kemikali, bali ni kuwanyima chakula na maji. Majani yaondolewe kila siku. Matawi yanayoning'inia yapunguzwe ili jua na upepo vipite. Uwanja upigwe ufagio mgumu wa nyuzi za plastiki kila wiki, kwa kwenda kinyume cha ulalo wa nyasi, ili nyuzi zisimame, kijazo kilegee na hewa ipenye. Ufagio wa waya wa chuma usitumiwe, maana huzichana nyuzi. Mahali palipokwisha kuota ukoga pasuguliwe kwa maji yenye sabuni isiyo kali. Ikilazimu kutumia dawa ya klorini, iwe imezimuliwa sana, ijaribiwe kwanza pembeni, na isuuzwe kwa maji mengi. Kamwe isichanganywe na siki au asidi yoyote, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu.

Jua na joto

Adui mwingine haonekani. Mionzi ya urujuanimno katika mwanga wa jua ina nishati ya kutosha kuanzisha kuvunjika kwa minyororo ya polima, na oksijeni ya hewani huendeleza uharibifu huo. Watengenezaji hutia ndani ya nyuzi kemikali za kuchelewesha jambo hilo, lakini kuchelewesha si kuzuia. Nyuzi zilizochakaa hupauka, hukatika zikikunjwa, na huacha unga vidoleni. Zikifikia hapo, hakuna gundi itakayozirudisha, na fedha za kununulia viraka ni afadhali ziwekwe akiba ya zulia jipya.

Joto la uso huathiri pia wachezaji. Nyasi za kweli hujipoza kwa kutoa maji kupitia majani yake, ilhali plastiki na mpira mweusi hupokea joto bila kujipoza hivyo, na uso wake huweza kupita nyuzi 60 kwenye jua kali. Wengine hushauri uwanja unyunyiziwe maji. Tuhesabu. Milimita moja ya maji juu ya uwanja wetu ni lita 7,140. Kuvukiza lita moja huchukua joto fiche la jouli milioni 2.4 hivi. Jua la adhuhuri hutoa kama jouli 1,000 kwa kila sekunde kwenye kila mita ya mraba. Lau nishati hiyo yote ingetumika kuvukiza, maji yale yangekwisha kwa sekunde 2,400, yaani dakika 40, na uwanja ungeanza kuchemka upya. Maji mengi hivyo kwa nafuu fupi hivyo ni anasa, hasa kwa shule inayonunua maji ya gari. Tena katika hewa yenye unyevu jasho la mwanafunzi halikauki upesi. Dawa iliyo rahisi zaidi ni ratiba: michezo ifanyike asubuhi au kuanzia saa kumi alasiri.

Chembe zinazosafiri

Chembe za mpira, ambazo mara nyingi hutokana na matairi yaliyosagwa, hazikai mahali pamoja. Huondoka na viatu, na mvua kubwa huzipeleka mferejini, kisha mtoni, kisha baharini, ambako hazitaoza. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2023 kwamba uuzaji wa chembe za aina hiyo kwa ajili ya viwanja usimame baada ya muda wa mpito wa miaka minane. Wapo wanaotumia badala yake maganda ya mti wa koki au nyuzi za makumbi ya nazi. Makumbi tunayo tele, lakini kumbuka yale tuliyosema juu ya kuvu: kitu cha asili huoza penye unyevu, na kitahitaji kugeuzwa na kuongezwa mara kwa mara. Wakati tunatafuta jibu lililo bora, shule yoyote inaweza kuweka chujio la wavu mdomoni mwa mfereji na kurudisha uwanjani kile kinachonaswa.

Hitimisho

Mshono wa shule ile umekwisha kupita misimu miwili ya masika bila kufumuka. Kiwanja hakikufungwa, na yule msichana aliyeteguka mguu aliwahi kucheza tena hapo kabla ya kumaliza kidato cha nne. Lakini jambo ninaloliona kubwa zaidi ni daftari linalotunzwa sasa na wanafunzi wa klabu ya sayansi. Kila wiki wao huandika joto, unyevu, kimo cha kijazo mbele ya goli na hali ya mishono, nao humpelekea mtunza viwanja ili aamue cha kufanya.

Walimu wa sayansi wenye kiwanja cha namna hii karibu nao wanayo maabara ya kemia, fizikia na biolojia iliyo wazi chini ya jua. Na mtaalamu yeyote atakayeitwa kuja kuwashauri, nami nikiwa mmojawao, aanze kazi yake kwa kumwuliza mwenyeji chumvi ya jikoni huwa na hali gani alfajiri.